Nyimbo Zetu Zampa Mwanamke Kilio, Hazimpi Mlango

Wahenga walisema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Methali hii aghalabu hutumiwa pale jirani anapotakiwa aseme neno juu ya ndoa ya jirani mwenzake, naye akachelea kulisema. Husikia mayowe usiku, asubuhi akamwona mwenye nyumba amejifunika mtandio hadi machoni, kisha akasema kwamba mambo ya watu wawili hayaingiliwi. Kwa njia hiyo hekima ya wazee hugeuzwa pazia, na nyuma ya pazia hilo mtu huendelea kuumizwa.

Makala haya yanahusu aina moja ya wimbo ambayo ni haba mno katika Kiswahili, nao ni wimbo wa mwanamke anayemwacha mume au mpenzi anayempiga. Sisemi wimbo wa aliyeachwa, wala wa anayelilia arudiwe, wala wa anayemsuta mke mwenziwe. Nakusudia wimbo ambao ndani yake mwanamke hufunga mzigo wake, hufungua mlango, na huenda zake akiwa na akili timamu.

Swali hili nilitupiwa huko Kinondo, katika Kaunti ya Kwale, kusini kidogo ya Diani, nilikokwenda kuzungumza na walimu wa Kiswahili na wanafunzi wao juu ya fasihi simulizi. Tulikuwa tumekwisha kuzipanga nyimbo katika makundi yake: bembea, nyiso, mbolezi, hodiya, nyimbo za arusi na kadhalika. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akauliza kwa upole, "Mwalimu, na yule mama aliyeamua kuondoka kwa sababu ya kupigwa, wimbo wake uko katika kundi gani?" Walimu walitazamana. Baadhi ya wavulana walicheka. Nami nilimjibu kwamba swali lake lilistahili jibu refu kuliko muda tuliokuwa nao. Jibu lenyewe, kwa kadiri ya uwezo wangu, ni hili.

Wenzetu wa ng'ambo

Katika muziki wa pop na roki wa Marekani, wimbo wa kuondoka umekuwa na mahali pake kwa miongo mingi, na hakuna sauti inayohusishwa nao zaidi ya sauti ya Tina Turner. Mwezi wa Julai mwaka wa 1976, mjini Dallas, mwanamke huyo alimtoroka mumewe Ike, ambaye alikuwa amempiga kwa miaka mingi huku wakiimba pamoja jukwaani. Alitoka akiwa na senti 36 na kadi ya kununulia petroli, akavuka barabara kuu ya magari na kuomba chumba katika hoteli. Talaka ilipokamilika mwaka wa 1978, kitu alichokipigania zaidi ya mali kilikuwa jina lake la kisanii. Mwaka wa 1984 wimbo wake "What's Love Got to Do with It" uliongoza orodha ya nyimbo nchini mwake, na alipofariki mwezi wa Mei mwaka wa 2023 dunia nzima ilimlilia.

Jambo moja lafaa wanafunzi walizingatie. Wimbo huo haukutungwa na Tina Turner. Ulitungwa na wanaume wawili, Terry Britten na Graham Lyle, wala ndani yake hamna habari ya kipigo. Hata hivyo, wasikilizaji waliokijua kisa chake waliusikia kuwa ni ushahidi wa mwanamke aliyekwisha kutoka. Hii ni kusema kwamba maana ya wimbo haikai katika maneno peke yake. Hukaa pia katika kinywa kinachoyatamka na katika masikio yanayoyapokea.

Upo mfano mwingine wa mwaka wa 1988, wimbo wa Tracy Chapman uitwao "Behind the Wall". Chapman aliuimba bila ala yoyote, sauti tupu. Anayesimulia ni jirani anayesikia mayowe nyuma ya ukuta, nao polisi huchelewa kufika, na wafikapo husema kwamba hawawezi kuingilia mambo ya mume na mkewe. Msomaji wa Pwani akiusikia hatahitaji mkalimani. Ni ile ile habari ya adhabu ya kaburi na maiti, ila safari hii jirani amekataa kunyamaza.

Siti na kisa cha Kijiti

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu na Wamarekani, na kwamba mila zetu hazina nafasi ya nyimbo kama hizo. Hao nawaalika wasikilize taarabu ya zamani kabla hawajatoa hukumu.

Siti binti Saad alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, mnamo mwaka wa 1880, akaanza maisha kwa kuchuuza vyungu, akahamia mjini baada ya ndoa yake kuvunjika. Mwaka wa 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, na Shaaban Robert akaona maisha yake yanastahili kuandikiwa wasifu kamili. Miongoni mwa nyimbo zake mashuhuri umo "Kijiti". Wimbo huo wasimulia tukio la kweli: mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, akiwa mjamzito, alitoka matembezini na mwanamume aitwaye Kijiti, naye akamuua kisha akatorokea bara. Kesi ilipofika mbele ya mahakama ya kikoloni, waliofungwa walikuwa wanawake waliofuatana na marehemu, kwa kuwa walihusishwa na pombe iliyonywewa siku hiyo. Muuaji akawa huru, mashahidi wakawa wafungwa.

Almuradi, kabla ya redio kuenea katika nyumba za watu wa kawaida, mwimbaji wa Kiswahili alikuwa amekwisha kuyataja hadharani mambo ambayo leo twaambiwa si ya mila zetu: mwanamke aliyefanyiwa ukatili, mwanamume aliyetajwa kwa jina, na mahakama iliyopotoka. Bi Kidude, ambaye aliziendeleza nyimbo za Siti hadi alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, aliuimba wimbo huo hadi uzeeni. Na Bi Kidude mwenyewe, kama ilivyosimuliwa mara nyingi, aliziacha ndoa zilizomnyima raha akaenda zake akiimba.

Hata hivyo, sharti tuseme ukweli wote. "Kijiti" ni kilio cha mauti. Mwanamke anayetajwa humo hakupata nafasi ya kuondoka. Siti alituachia wimbo wa shahidi. Wimbo wa aliyenusurika hatujauzoea bado.

Nasaha na mipasho

Baina ya kilio na ukimya tumeweka aina mbili nyingine za utungo. Ya kwanza ni nasaha. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858 na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima, ni miongoni mwa hazina kubwa za ushairi wetu, na sikubaliani na wanaotaka uondolewe madarasani. Lakini na ufundishwe kwa uadilifu. Ni wosia wa mama mgonjwa wa tabaka la juu, aliyeishi na mume aliyemridhia, akimfunza mwanawe namna ya kumtunza mume. Hakuandika sura juu ya mume anayevunja mkono. Mwalimu anayeuchukua wosia huo na kuufanya jawabu la kila ndoa, amemsingizia Mwana Kupona jambo asilolisema.

Aina ya pili ni mipasho. Taarabu ya kisasa, ile inayoitwa rusha roho, imempa mwanamke ukali wa ulimi, na katika arusi za Pwani nzima, tangu Lamu hadi Vanga, wimbo wa mpasho ndio unaowainua watu vitini. Leso nayo hubeba jina la vita. Lakini hebu tuulize: mipasho hiyo hurushiwa nani? Mara nyingi hurushiwa mwanamke mwenzake, ama mke mwenza, ama jirani, ama wifi, ama yule anayesemekana kumnyemelea mume. Mwanamume mwenyewe, ambaye pengine ndiye asili ya machungu yote, hupita kando akitabasamu, huku wanawake wawili wakipigana kwa maneno juu ya nani atabaki naye. Ukali upo, ila umeelekezwa pasipo pake.

Sarufi ya kuoa na kuacha

Mimi kazi yangu ni isimu, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie nieleze kwa nini naona kwamba uhaba wa wimbo huu una mizizi katika sarufi pia.

Katika Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mwanamume akihamia nyumbani kwa mkewe, watu husema kwa kejeli kwamba "ameolewa". Kauli ya kutendwa imekuwa vazi la kike, na mwanamume akivishwa ni kichekesho. Vivyo hivyo katika kuachana: mume huacha, mke huachwa. Mke akitaka kutoka kwa hiari yake, lugha humtafutia vitenzi vingine. Huomba talaka, hudai talaka, hukimbia, hurudi kwao. Kuomba na kudai ni vitenzi vinavyomngoja mtu wa kutoa. Kukimbia nako ni kitenzi tunachowapa wezi na watoro.

Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka wa 1962, alionyesha kwamba yapo maneno ambayo kuyatamka ni kutenda. Hakimu asemapo "nakuhukumu", amekwisha kuhukumu. Sidhani kama upo mfano bora wa nadharia hiyo kuliko neno "nimekuacha" katika ndoa ya Kiislamu ya Pwani. Likitamkwa na mume kwa nia yake, ndoa imeingia talaka. Likitamkwa na mke, kwa kawaida ni sauti tu. Mume aweza kulicheka na kuomba chai. Maneno ni yale yale, sarufi ni ile ile, lakini nguvu hutoka kwa msemaji.

Ndipo wimbo unapopata umuhimu wake. Jukwaani mwanamke aweza kulitamka neno lile katika nafsi ya kwanza, kauli ya kutenda, mbele ya mashahidi mia tatu, na hakuna anayemcheka. Wimbo hauwezi kuivunja ndoa kisheria, lakini humzoesha msikilizaji kuisikia sentensi ambayo nyumbani haijapata kutamkwa.

Kuna uchafuzi mwingine wa sarufi ambao sisi walimu na waandishi wa magazeti ni wakosaji wakubwa. Twasema "mume na mke wamepigana", hali mmoja alikuwa na ngumi na mwingine alikuwa na uso. Kiambishi kidogo cha kutendana kimegawa hatia sawasawa baina ya mpigaji na mpigwa. Twaandika pia "mwanamke apigwa na kulazwa hospitalini". Aliyepiga yu wapi katika sentensi hiyo? Tumemficha nyuma ya kiambishi cha kutendwa kama vile Kijiti alivyofichwa na bara. Na tukitaka kumtetea kabisa, twasema "alikuwa akimtia adabu".

Kutamka na kuvumilia

Mwaka wa 1998 mtaalamu wa Kimarekani, Susan Hirsch, alichapisha kitabu juu ya lugha inayotumiwa katika mahakama za kadhi za Pwani ya Kenya. Alianza na picha ambayo kila mtu wa Pwani anaijua: mume hutamka, mke huvumilia. Lakini alipokaa mahakamani na kusikiliza kesi moja baada ya nyingine, aliona kwamba wanawake waliosifiwa kwa uvumilivu ndio hasa waliokuja kushtaki, wakasimulia masaibu yao kinaganaga, na mara nyingi wakapata walichokitafuta. Mwanamke wa Kiswahili, kumbe, hakuwa bubu. Alijua kwamba kuna mahali pa kunyamaza na mahali pa kusema, na kwamba kusimulia ni silaha.

Dini yenyewe haikumfungia mlango. Sura ya Al-Baqara, aya ya 229, inataka wanandoa ama wakae kwa wema ama waachane kwa hisani, na ndani ya aya hiyo hiyo wanazuoni wameona msingi wa khului, yaani mke kujikomboa katika ndoa. Iko pia faskhi, ambapo kadhi huivunja ndoa kwa sababu ya madhara. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inazitambua mahakama za kadhi katika kifungu cha 170. Kifungu cha 29 kinamkinga kila mtu na ukatili, uwe wa hadharani au wa faragha, na kifungu cha 45 kinawapa wanandoa haki sawa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa, na wakati wa kuivunja. Mwaka wa 2015 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani, ambayo chini yake mahakama yaweza kutoa amri ya ulinzi, hata kumwamuru mpigaji aiache nyumba. Jambo hili si wengi walijualo. Anayetoka si lazima awe yule aliyeumizwa.

Na haja ipo. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamepata kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipotimiza miaka 15. Mwalimu mwenye darasa la watoto 45 na apige hesabu mwenyewe, ni wangapi kati yao wanaotoka katika nyumba ambazo mama huvaa mtandio hadi machoni.

Kwake na kwao

Watu wenye busara wana pingamizi mbili ambazo sitaki kuzipuuza. Ya kwanza ni kwamba nyimbo za namna hii huvunja nyumba. Jawabu langu ni fupi: nyumba ambayo mtu hupigwa ndani yake imekwisha kuvunjwa na aliyepiga, na mwimbaji amekuja baadaye kutangaza habari. Ya pili ni nzito zaidi. Wimbo huisha kwa dakika nne, mwanamke yuko barabarani, na anayeimba hamwambii atalala wapi. Watafiti wa mambo haya wanakubaliana kwamba kipindi cha kuondoka ni cha hatari kubwa, kwa kuwa mpigaji huona mamlaka yake yanamponyoka. Wimbo unaomhimiza mtu atoke bila kumwonyesha pa kwenda waweza kumtia katika janga.

Hapa ndipo Kinondo ina la kutufunza. Watu hufika huko kuutembelea msitu wa Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2008, nao huvaa kaniki kabla ya kuingia. Ni wachache wanaouliza habari za wenyeji wenyewe. Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu, zamani walihesabu ukoo na urithi kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti kubwa katika maisha ya watoto wa dada yake. Sisemi kwamba zama hizo zilikuwa pepo kwa mwanamke. Nasema kwamba mwanamke aliyechoshwa alikuwa na mahali ambapo jina lake halikuhitaji kuelezwa.

Kiswahili kina maneno mawili yanayoliweka jambo hili wazi: "kwake" na "kwao". Mwanamke aliyeolewa huenda kwake, lakini kwao hubaki alikozaliwa. Wazazi wangapi leo humwambia binti aliyerudi na jeraha, "Rudi kwako, usitutie aibu"? Kwa kauli hiyo huwa wamekifuta kiwakilishi. Binti hana kwake, kwa maana huko anapigwa, na hana kwao, kwa maana huko wamemkana. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Wazazi wa namna hiyo nao hawamwambii binti yao afe; humrudisha tu.

Kazi ya mwalimu

Nawapendekezea walimu wa Kiswahili jambo moja lisilohitaji fedha wala kibali kipya. Katika kipindi cha fasihi simulizi au cha sarufi, wapeni wanafunzi nyimbo tatu: mmoja wa nasaha, mmoja wa mipasho, na "Kijiti". Waulizeni katika kila wimbo nani mtenda, nani mtendwa, na kitenzi kikuu kiko katika kauli gani. Kisha waambieni waugeuze ubeti mmoja, kauli ya kutendwa iwe ya kutenda, wasikilize unavyosikika. Mwisho, watungeni wao wenyewe wimbo wa mama anayeondoka, kwa bahari waipendayo, wawe wavulana au wasichana.

Mwalimu asishangae baadhi ya tungo zikibeba habari za nyumbani. Ikitokea hivyo, asizisome mbele ya darasa, wala asimwambie mtoto kwamba mvumilivu hula mbivu. Amketishe faraghani, amsikilize, amwarifu mwalimu wa ushauri, na ajue kwamba nchini Kenya iko nambari ya simu 1195 ya kuwasaidia wanaofanyiwa ukatili, ambayo haitozi malipo.

Na katika utungo huo, mwalimu asikubali ubeti wa mwisho uishie mlangoni. Amwulize mtunzi maswali mawili ambayo watungaji wetu wa nyimbo nao wangefaa kujiuliza: mama huyu akishatoka anakwenda kwa nani, na huyo aliyebisha mlango wake atamfungulia?